Kona ya Vigari vya Sloti: Gari inatupa mkia, nianzie wapi?

Wasomaji wangu salamu kutoka Kigoma. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja kwa maneno tofauti, gari haishiki kona. Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza, gari za sloti ni vile vigari vya umeme vinavyokimbia kwenye barabara yenye mfereji, chini ya pua kuna ulimi wa plastiki unaozama kwenye mfereji, pembeni ya ulimi kuna ndevu mbili za shaba zinazochukua umeme, na wewe mkononi unashika kontrola ya kuongeza na kupunguza moto. Basi. Usukani hakuna, tairi za mbele hazikati kona, kinachopinda ni ule ulimi. Shika hilo kwanza, maana karibu kila jibu la leo linatoka hapo.

*Habari za kazi kaka fundi. Mi nipo Gungu hapa hapa Kigoma. Kaka yangu aliyeko Uingereza aliniletea seti ya Scalextric, gari mbili za skeli ya 1:32 (yaani ndogo mara 32 kuliko gari halisi), tunacheza barazani na majirani kila Jumapili jioni. Nilisikia wazoefu wanatoa sumaku na mimi nikatoa, toka hapo gari inatupa mkia kila kona. Nikaona labda nguvu haitoshi, nikafunga mota kali zaidi, sasa ndo hata nusu mzunguko haimalizi. Nataka nifanyie chesisi, yaani ile fremu ya chini, marekebisho, niweke vipande vya risasi vya kuongeza uzito wapi na nilegeze wapi? – Baba Wawili, Gungu*

Baba Wawili, kabla ya yote rudisha mota ya zamani. Mota ya kawaida inayokuja na hizo gari inazunguka kama mara 18,000 kwa dakika kwa volti 12, na kwa gari isiyo na sumaku hiyo inatosha na kubaki. Mkia ukitupwa maana yake tairi za nyuma zimeshindwa kubeba nguvu iliyopo tayari, sasa ukiziongezea nyingine unampakia gunia la pili punda aliyekwishapiga magoti.

Sumaku umefanya vizuri kuitoa na nakuomba usiirudishe. Reli za barabara ya plastiki ni za chuma, sumaku iliyo chini ya chesisi inavutwa na zile reli, gari inabanwa chini hata kama tairi ni mbovu na chesisi imepinda kama chapati iliyosahauliwa juani. Yaani sumaku ilikuwa inakufichia matatizo yote, na ulipoitoa ndo umeiona gari yako ilivyo. Alafu kuna tofauti kubwa kwenye kuendesha: gari ya sumaku inashika inashika, ghafla inachomoka na kwenda kugonga mguu wa kiti bila kukupa dalili, ila isiyo na sumaku inaanza kuteleza mkia taratibu, unaiona kwa macho, unapunguza mkono, inarudi. Mi napenda mchezo huu kwa sababu ya ile sekunde moja hapo kati.

Sasa kazi yenyewe, na tafadhali fuata mpangilio huu, usianze na risasi.

Tairi za nyuma kwanza. Zinazokuja na gari nyingi hazijawa duara kamili na zinacheza kwenye ringi. Zivue, weka matone mawili matatu ya supagluu kuzunguka ringi, rudisha tairi haraka na uizungushe kwa vidole mpaka uone haiyumbi, acha ilale hivo usiku mzima. Kesho yake tafuta kipande cha kioo, kile mafundi wa madirisha wanachotupa, bandika juu yake msasa namba 240 kwa selotepu pande zote mbili. Paka tairi zote mbili maka peni nyeusi (kama tairi ni nyeusi tumia ya rangi ya fedha), peleka umeme mdogo kwenye ndevu za shaba, volti 5 au 6 zinatosha, alafu shusha tairi juu ya msasa taratibu huku umeshika pua ya gari. Ukiinua utaona wino umeondoka sehemu tu, pengine ukingo wa ndani peke yake, pengine upande mmoja wa duara, hapo palipoondoka ndo penye uvimbe. Paka tena, shusha tena. Gari yangu ya kwanza kufanya hivi nilidhani dakika mbili zitatosha, nikakaa nayo karibu nusu saa, na nilipoinua mara ya kwanza tairi ya kulia ilikuwa imeguswa sehemu yenye upana wa punje ya mchele tu. Yaani gari yote ilikuwa inasimama juu ya punje ya mchele! Endelea mpaka wino uishe kutoka ukingo hadi ukingo, malizia na msasa laini wa 600. Usikandamize, ukikandamiza mpira unapata moto na gluu inaachia, unarudi mwanzo.

Tairi za mbele ni kinyume chake, hizo hatutaki zishike kabisa kwa sababu kazi ya kupinda ni ya ulimi, tairi ya mbele ikishika inabishana na ulimi. Omba rangi ya kucha isiyo na rangi kwa shemeji yetu, zipake mara mbili, ziache zikauke ziwe ngumu na za kuteleza. Alafu weka gari barabarani, pitisha ukanda wa karatasi ya daftari chini ya kila tairi ya mbele. Karatasi inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Ikigoma kupita, tairi zinainua pua na ulimi haujazama wote, sasa ulimi ukizama nusu hata ufanye nini kona utatoka. Zisage zipungue. Na angalia zile ndevu, watu wengi wanazikunja chini sana wakidhani umeme utashika vizuri zaidi, kumbe zinafanya kazi kama springi, zinainua pua. Zilaze, acha ncha za nyuma tu ndo zielekee chini kidogo.

Halafu chesisi yenyewe. Vua bodi, iweke chesisi juu ya kile kioo bila tairi, gonga pembe moja moja kwa kidole. Ikisema tak tak imepinda. Dawa yake ni rahisi na haihitaji pesa: toa mota, ekseli na ulimi, ifunge kwa waya juu ya bamba la alumini lililonyooka, izamishe kwenye maji yaliyokaribia kuchemka dakika moja hivi, itoe moja kwa moja mpaka kwenye ndoo ya maji baridi, ifungue. Kama bado inagonga rudia. Ubao uliopigwa randa vizuri nao unafaa, ila kioo usikitumbukize kwenye maji ya moto, kitapasuka mikononi mwako.

Na hapa sasa tunafika kwenye kulegeza, ambako ndo utamu wote ulipo. Kwenye gari nyingi mota na ekseli ya nyuma vimekaa kwenye kipande chao peke yake, sisi tunakiita kitanda, kimefungwa kwenye chesisi kwa skrubu tatu au nne. Zikikazwa zote mpaka mwisho gari inakuwa mti mmoja, kila kajiti cha vumbi inachokanyaga tairi ya nyuma kinafika hadi kwenye ulimi. Rudisha kila skrubu ya kitanda nusu mzunguko. Shika chesisi kwa mkono mmoja, bonyeza ekseli kwa kidole upande wa kushoto alafu wa kulia, unatakiwa usikie mlio mdogo sana wa kubofya, kitanda kinapumua. Kikicheza mbele na nyuma umezidisha, gia zitaanza kukwaruzana. Alafu skrubu za bodi nazo zirudishe nusu mpaka mzunguko mmoja, bodi itikisike kidogo ukiitekenya. Kama bado haitikisiki basi kingo za chesisi zinabana kwenye bodi, zipige msasa mpaka uone mwanga mwembamba kati yake. Tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu litaizuia isianguke njiani.

Gari zingine hazina kitanda, mota imebanwa moja kwa moja kwenye chesisi, na nadhani mojawapo ya zako iko hivyo. Hiyo utalegeza bodi tu, na ukague bushi za ekseli, vile vipete ambamo ekseli inazunguka: zikicheza kwenye mashikio yake ya plastiki mkia utarukaruka. Tone la gluu kwa nje, kwa ncha ya sindano, lisifike kwenye ekseli.

Risasi mwisho kabisa, na huenda usizihitaji. Sisi wa Kigoma tuna bahati, risasi za nyavu zinauzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi, unaigonga kwa nyundo inakuwa bamba jembamba, unaikata kwa mkasi, unaibandika kwa gundi ya pande mbili chini kabisa ya chesisi kwa ndani. Kama pua inanyanyuka ukikanyaga moto, weka gramu 2 au 3 nyuma tu ya ulimi. Kama gari inataka kupinduka ubavu, weka mbili sawa, kushoto na kulia kwa mota, chini kadiri inavyowezekana. Kama inarukaruka nyuma, weka mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Usiweke nyuma ya ekseli, uzito ukipita huko unageuka nyundo yenye mpini, ukianza kuyumba haukamatiki. Na pua nayo usiijaze, maana mbele ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa nyuma inabaki nyepesi na mkia unatupwa tena. Risasi ni sumu, wanao wasiishike wala kuitia mdomoni, usiiyeyushe jikoni, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Pima mizunguko 10 kwa saa ya simu, andika kwenye daftari, ndo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo gari ikawa nzuri hutajua kipi kimeiponya.

*Habari kaka. Mimi ni mama wa mapacha, naishi Tabora, Kanyenye. Fundi seremala alitutengenezea barabara ya ubao wa MDF akachonga mifereji miwili, tukabandika utepe wa shaba. Gari zetu zina sumaku kali na dukani niliambiwa hazitoki barabarani ng'o, lakini kwetu zinatoka kuliko za jirani mwenye barabara ya plastiki. Pia baada ya dakika 10 zinaanza kuteleza kama kwenye sabuni. Je nibadilishe chesisi?*

Dada yangu, chesisi iache, haina kosa. Shaba haivutwi na sumaku. Ni hilo tu. Sumaku zako kwenye barabara ya ubao hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kuwa mzigo, kwahiyo zitoe, na ukiona gari imekuwa nyepesi mno weka risasi ya uzito huo huo mahali pale pale. Kisha fanya yale niliyomwambia Baba Wawili hapo juu, tairi, ndevu, kulegeza. Hongera sana kwa barabara ya ubao, maana inatembeza gari laini kuliko plastiki yenye maungio, na mapacha watajifunza kuendesha kweli kweli.

Jambo moja la kukagua, ubao huchongwa mfereji wenye kina kuliko ule wa plastiki, hivyo mnaweza kutumia ulimi mrefu uliotengenezwa kwa ajili ya barabara za mbao, unashika zaidi kwenye kona. Ila pima kwanza kwa kijiti cha kiberiti mfereji wote, fundi akiwa ameinua mkono sehemu moja tu ulimi utagota hapo na gari itaruka kila mzunguko pale pale.

Kuteleza baada ya dakika 10 ni vumbi, na Tabora kiangazi wote tunaijua, unafuta meza asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Tairi inaokota vumbi, linageuka kuwa unga kati ya mpira na rangi. Futa barabara kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kuanza, usikiloweshe maana MDF ikinywa maji inavimba. Mkimaliza kucheza ifunikeni kwa kanga kuukuu. Na kila baada ya mizunguko kadhaa vingirisha tairi za nyuma kwenye selotepu iliyogeuzwa upande wa gundi, utashangaa utepe unavyobadilika kuwa kahawia. Kama umeuziwa tairi za silikoni, hizo kwenye ubao msafi uliopakwa rangi zinashika kama kupe, ila kwa vumbi ndo za kwanza kuachia. Kwa Tabora mi ningechagua za yurethani au mpira wa kawaida.

*Shikamoo mjomba. Mimi ni mwanafunzi, nipo Ujiji. Tunatumia betri ya sola ya volti 12 kuendesha barabara yetu. Jambo la ajabu, nikirekebisha gari usiku inatulia vizuri kabisa, kesho mchana gari ile ile inatoka kila kona, usiku inatulia tena. Kaka yangu anasema ni joto linalainisha chesisi. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu, swali hili limenifurahisha sana kwa sababu umeangalia kwa makini badala ya kulaumu gari. Joto lina lake dogo, ila anayekusumbua ni paneli. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma kama 12.6 au 12.7. Mchana jua likiwaka na paneli inachaji, pale pale kwenye betri volti zinapanda hadi 14 na kitu. Gari yako mchana inapata umeme zaidi, inaingia kona kasi kuliko ulivyoipima usiku, inatoka. Azima mita kwa fundi redio upime mwenyewe nyakati zote mbili, uandike. Wakati wa kucheza tenganisha paneli na betri, subiri kidogo zishuke, ndo muanze, hapo marekebisho ya usiku yatakufaa na mchana.

Na hili la pili hukuniuliza ila siwezi kulala bila kukwambia. Betri ile ina nguvu ya kuyeyusha waya. Ndevu za shaba zikigusana, au bisibisi ikiangukia reli mbili, umeme wote unapita hapo kwa mpigo. Funga fyuzi ya ampea 3, mwisho 5, kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, zile za gari kubwa zinauzwa duka lolote la spea. Usicheze tena mpaka umeiweka. Mwonyeshe kaka yako.

*Kaka, nimechoka na chesisi za plastiki, nataka kuunda yangu ya shaba. Nina spoki za baiskeli na bati la shaba njano. Inawezekana? – Fundi baiskeli, Isevya, Tabora*

Inawezekana na wewe una mikono tayari. Chesisi nyingi za mashindano za skeli ya 1:24 zimekuwa zikiundwa kwa shaba njano na waya wa chuma miaka mingi sasa, kwa sababu shaba ni nzito na uzito wote unalala chini. Spoki zitumie kwa mbavu za urefu zinazounganisha ulimi na mota, zinanepa kidogo na huo unepaji ndo unaoutaka, ila zisiwe za stenlesi, risasi ya kulehemu haitazishika kirahisi. Zikwangue kwa msasa zing'ae, paka asidi ya kulehemu, pasha mpaka risasi itiririke yenyewe, ikibaki kama tone la nta hapo haijashika. Ukimaliza osha asidi yote kwa maji na sabuni, la sivyo baada ya wiki utakuta kutu ya kijani. Spoki usizifanye ekseli, ni nyembamba: ekseli ya gari nyingi za 1:32 ni milimita 2.38 na spoki ya kawaida ni kama 2, itacheza kwenye bushi na tairi zitayumba hata ukizisawazisha vipi.

Kabla hujalehemu chochote toboa ubao, pigilia misumari midogo kushikilia kila kipande mahali pake, upime kwa rula kutoka ulimi hadi kila mwisho wa ekseli ya nyuma, pande zote mbili zisome sawa. Tofauti ya milimita moja tu hapo na gari itakuwa nzuri kona za kulia, mbaya za kushoto. Ukimaliza nitumie vipimo vyako na picha ya chini ya chesisi, nataka kuona ulivyoziweka hizo spoki.